Sesilia wa Woolwich na Upepo Uliokosa Njia

Alizaliwa Peramiho, mkoani Ruvuma, mwaka 1968, katika nyumba ya katekista, akabatizwa Sesilia. Mwaka 1997 alimfuata mumewe Fanuel London, wakakaa Woolwich, naye akapata kazi ya kutunza wazee majumbani. Fanuel alipofariki, njaa ya ajabu ilimwingia. Alimaliza sufuria nzima ya wali, akainuka mezani bado ana njaa. Mwili ulinenepa hadi ngazi za kanisani zikamshinda, huku nywele zikinyonyoka na mifupa ikimuuma kama ya mtu aliyenyimwa chakula. Waumini walimcheka pembeni. Kila Jumamosi aliungama ulafi, na kila Jumamosi alirudi nyumbani na njaa zaidi.

Wito ulimjia Stanmore, upande mwingine wa London, alikotumwa kumtunza Mama Bhavna, ajuza wa Kihindi mzaliwa wa Tanga, binti wa tabibu wa Ayurveda, tiba ya kale ya kwao. Siku ya kwanza, Sesilia alipoinama kumvisha viatu, ajuza akamshika mkono.

"Hebu nyamaza. Huo upepo unavuma wapi?"

Madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Sesilia akasikiliza, mwili ukamsisimka. Ulikuwa ukivuma chini ya mbavu zake mwenyewe, kwa mbali, kama ndani ya nyumba iliyohamwa.

"Baba alinifundisha," akasema Bhavna. "Mafuta yakiziba njia za mwili, upepo hukosa pa kutokea. Unabaki tumboni unapuliza moto. Moto unadai chakula, chakula chote kinageuka mafuta, na viungo vingine vinakufa njaa. Wewe si mlafi, mwanangu. Una njaa kweli."

Sesilia alilia kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Akafuata maelekezo: uji wa shayiri, choroko, maji ya vuguvugu yenye asali kidogo, kujisugua kwa unga mkavu wa dengu, kutembea, kutolala mchana, kutokula kabla chakula cha awali hakijasagika. Dawa alizopewa hospitali hakuziacha. Mwili ulipungua polepole, ingawa hakuwa mwembamba kamwe. Lakini upepo ulipotulia ndani yake, alianza kuusikia kwa wengine: kwenye basi, sokoni, hata kwenye foleni ya komunyo. Alimwomba Mungu amwondolee masikio hayo. Hakuondolewa. Basi akaanza kuwapokea wenye njaa ile nyumbani kwake, na minong'ono ikaenea kwamba ni mchawi. Paroko akamkataza kusoma masomo altareni. Alitii.

Jumapili moja ya mwaka 2019 alikuja Restuta, mwanakwaya aliyezika mtoto mchanga na tangu hapo akila kwa kujificha. Sesilia alipoweka sikio tumboni pake, uso ulimbadilika. Upepo ule ulikuwa ukilia kwa sauti ya mtoto.

"Na wewe unamsikia, dada?" Restuta akanong'ona. "Nisipokula, analia. Ndiyo maana namlisha."

"Anaitwa nani?"

Tangu mazishi hakuna aliyemuuliza.

"Lusajo," akasema. "Mwanangu Lusajo."

Milango yote ya nyumba ikafunguka yenyewe. Mapazia yakavutwa kuelekea nje, ambako hakuna jani lililotikisika. Kisha kilio kikakoma tumboni mwa Restuta. Kizingitini alikuwapo paroko, aliyekuja kumkaripia Sesilia. Alikuwa amepiga magoti.

Sesilia alifariki hospitalini mwaka 2023, Restuta akiwa kando yake. Neno lake la mwisho lilikuwa, "Kuleni pamoja." Waliokuwapo walihisi pumzi ya moto ikiwapita usoni, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeona njaa mpaka alipozikwa.

Hadi leo, baada ya misa, Restuta hubeba sahani yake ukumbini akamtafute anayekula ameelekea ukutani. Haangalii huyo amepakua nini. Huvuta kiti, hukaa, na hungoja hadi mwenzake aseme kinachomlia ndani. Na sisi tufanye vivyo hivyo.