Kwa Mzee Koinet, Kuitafuta Nishani ya Baba

Kila Siku ya Mashujaa, wazee waliopigana vita vya Kagera hualikwa uwanjani hapa Karatu wakiwa na nishani zao vifuani, na kila mwaka siku hiyo baba yangu hukumbuka ghafla kwamba ana kazi shambani. Vijana wa mtaani walishaamua kuwa Mzee Bura alikwenda vitani kupika uji. Mimi ni mpishi, nawapikia watalii kambini, kwa hiyo kupika si tusi kwangu. Lakini nilimwona anavyoliinamia jembe siku hizo, na iliniuma. Mwaka jana moyo wake ukaanza kumsumbua, daktari akamkataza hata hilo jembe. Ndipo aliponiambia waziwazi, "Nisizikwe kama mtu ambaye hakwenda."

Nikaenda kumwona mshauri wa mgambo wilayani. Alinisikiliza vizuri, akapiga simu huku na huko, na baada ya muda akaniletea jibu. Kumbukumbu za jeshi zinamtambua baba, ila hayumo miongoni mwa waliofika mstari wa mbele, kwa sababu siku ya gwaride la kuvishwa nishani hakutokea. Kusahihisha kunawezekana, lakini lazima apatikane mtu aliyekuwa naye vitani, aape mbele ya hakimu. Wenzake wa kikosi walikuwa wamekwisha kufa wote isipokuwa mmoja, Mmasai aitwaye Koinet, anayeishi Enguserosambu, ng'ambo ya hifadhi. Nilimuuliza baba kwa nini hakwenda kwenye gwaride, akasema alikuwa na shughuli. Nikamuuliza kwa nini hajawahi kumtafuta huyo Koinet, akasema chai imepoa.

Tuliondoka Karatu asubuhi kwa basi la Loliondo. Baba alivaa koti lake la kanisani, mimi nikabeba dawa zake, chupa ya chai na viazi vya kuchemsha. Kwenye lango la hifadhi, pale Lodware, nyani walikuwa wamejipanga wakisubiri dirisha litakalosahauliwa wazi. Njia hii naijua sana, ila huwa naipita nimebanwa nyuma ya gari la watalii katikati ya masufuria, nikiwaza kama mayai yatafika salama. Juu ya ukingo wa kreta ukungu ulikuwa mzito, hatukuona kitu. Baba akachungulia kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Hao wageni wako ndiko wanakokuja, kuona ukungu?"

Baada ya kushuka Malanja ukungu ukaisha, vumbi likaanza. Hapo, kwenye nyanda zilizojaa nyumbu, baba akaanza kuzungumza bila kuulizwa. Alisema walikuwa wakivuka kinamasi, maji yakiwafika kifuani, adui akiwapiga kutoka ng'ambo. Koinet akapigwa pajani. Baba akambeba mgongoni.

"Akaniambia nimwache," alisema. "Nikamwambia anyamaze, alikuwa mzito vya kutosha bila maneno."

Nilicheka. Yeye hakucheka, wala hakuendelea. Miaka yote hiyo nimekaa naye nyumba moja, na hadithi hiyo nilikuwa naisikia mara ya kwanza ndani ya basi.

Wasso tulifika jioni, viungo vyote vinauma, tukalala nyumba ya wageni.

Enguserosambu tulikwenda kesho yake kwa gari la kukodi. Boma la Mzee Koinet liko kwenye mwinuko, na alikuwa ameketi kwenye kigoda akiangalia ndama wake. Ni mzee mrefu, mguu mmoja ameunyoosha mbele. Nilitangulia ili baba asipande haraka.

"Takwenya," alinisalimu, kama wazee wa Kimasai wanavyowasalimu akina mama.

"Iko," nikaitika.

Kisha akamwona baba akifika kwenye lango la boma. Akainua fimbo. "Huyo asimame hapo hapo."

Baba akasimama, juani, amevua kofia. Mimi nina hasira za karibu, na hapo zilinipanda. "Mzee, huyo ni mgonjwa wa moyo. Tumetoka Karatu kuja kukuomba umwapie kwa hakimu kwamba alifika vitani."

"Na mimi nilitoka hapa kwenda kwake," alisema. "Tena kwa miguu, na mguu huu. Kaa, binti, nikueleze baba yako ni mtu gani."

Akanieleza. Siku ya gwaride jina la Bura liliitwa, likaitwa tena, hakuna aliyeitika. Koinet akaona aibu kana kwamba limeitwa jina lake. Aliporudi nyumbani alichagua ndama jike mzuri kuliko wote, akamswaga kupita nyanda zote zile mpaka Karatu, ampe mtu aliyemwokoa. Kwa Wamasai mtu akikupa ndama mnaacha kuitana majina. Kila mmoja anamwita mwenzake Paashe, mpaka kufa.

"Nikamkuta amesimama mlangoni kwake. Akanipungia mkono nirudi. Rudi, rudi, kama anafukuza mbwa. Sikupewa hata maji. Nikarudi na ndama wangu. Sasa leo anataka nimwapie nini?"

Nilimgeukia baba. Nilitamani akane. Akasema kutoka pale langoni, "Koinet, nyumba yangu ilikuwa kwenye metimani."

Neno hilo sisi Wairaqw tunalijua, ingawa siku hizi wengi tunaishia kulisikia tu. Zamani vifo vingine, kama cha mtoto wa kwanza, viliifanya nyumba nzima itengwe. Hamtoki, hamtembelewi, maji na moto havitoki kwenu kwenda kwa mtu mwingine, msije mkamwambukiza kifo. Na mzaliwa wa kwanza wa baba ni mimi. Hivyo ndivyo nilivyojua maisha yangu yote.

"Alikufa nani?" niliuliza.

"Kaka yako," alisema baba. "Alizaliwa nikiwa vitani, ndiyo maana babu yako akamwita Safari. Niliporudi nilimkuta anajifunza kusimama. Masika yale yale tukamzika. Babu yako akatufungia. Gwaride likanikuta humo ndani. Na wewe, Koinet, ukaja na ndama. Ungekunywa maji yangu ungekibeba kifo mpaka kwa watoto wako. Sikukutoa kwenye kinamasi kile ili nije nikuue nyumbani kwangu."

"Ungeniambia."

"Kifo kile hakikutajwa. Hata huyu sikumwambia."

Marehemu mama naye hakuwahi kunigusia. Nilisimama pale kwenye boma la watu nikalia, nikimlilia kaka ambaye sikuwa naye dakika chache kabla.

Mzee Koinet aliegemea fimbo akainuka, akachechemea mpaka langoni, akamshika baba mkono na kumwingiza ndani. Kibuyu cha maziwa kililetwa. Baba akanywa kwanza, akampa Koinet naye akanywa, na mimi wakanisahau kabisa mpaka baadaye.

Wasso, kwa hakimu, shauri halikuchukua muda. Hakimu alimuuliza Mzee Koinet ana uhakika gani kwamba Bura alifika mstari wa mbele. Mzee akasogeza shuka lake, akaonyesha kovu la pajani. "Mimi nilirudi mgongoni kwake," alisema. "Ningejuaje kitu kingine zaidi ya hicho?"

Tulirudi Karatu kwa njia ile ile. Siku hiyo kreta ilikuwa wazi, na abiria wengine walinyanyuka kuitazama. Baba alikuwa amelala begani kwangu, sikumwamsha. Ndama jike ambaye Mzee Koinet alimpa baba safari hii alifuata baadaye kwa lori la mfanyabiashara wa mifugo, akiwa ameshiba kuliko sisi tulipokuwa safarini.

Masahihisho yalichukua miezi mingi, yakakubaliwa. Watu huniuliza safari ile ilinifunza nini, nami huwaambia kwamba nilidhani nakwenda kuchukua ushahidi tu. Siku hizi nikiulizwa kwetu tumezaliwa wangapi, naanza na Safari.

Siku ya Mashujaa mwaka huu baba hakwenda shambani. Mzee Koinet alikuja na basi, akalala kwetu, akanywa maji yetu mpaka nikamtania kwamba atatumalizia pipa. Uwanjani wakaketi pamoja. Ukafika wakati wa kuvishwa nishani, jina likasomwa: Bura. Baba akajaribu kuitika, sauti ikamkatalia. Msomaji akarudia.

Mzee Koinet akasimama kwa mguu wake ule, akainua fimbo juu.

"Yupo," alisema. "Paashe yupo hapa."