Masika Gani?

Mbao zilizopakwa vanishi zikiungua hutoa moshi mchungu unaokwaruza koo, na maharage yaliyopikwa kwa moshi huo hunuka vibaya hata kwa mwenye njaa. Harufu hiyo ilitufikia nyumbani Mutwanga kila jioni, msimu ule wa vita askari walipopiga kambi katika shule ya sekondari na kugeuza madawati kuwa kuni. Dada yangu Masika, aliyekuwa akisoma pale kabla haijafungwa, alisimama mlangoni, akavuta pumzi na kutangaza, “Leo banakula banc yangu,” yaani dawati lake. Mimi nilicheka hadi nikakohoa. Baba hakucheka. Alijua kwamba msichana wa umri ule akikaa nyumbani bila shule, posa hazikawii, na wanaume waliokuwa na cha kuposea wakati ule walikuwa wale wale wenye bunduki, au wazee. Kitu pekee alichokitaka baba msimu ule ni Masika arudi darasani, popote pale.

Tumaini letu lilikuwa shangazi, dada yake baba, aliyeishi Butembo. Masista wa parokia yake walikuwa wamefungua bweni kwa ajili ya wasichana waliotolewa shuleni na vita. Vitanda vilikuwa vichache, chakula kilitoka katika shamba walilolima wenyewe. Shangazi aliwasihi masista hao hadi wakamchoka, wakampa nafasi moja. Simu hazikuwepo, kwa hiyo alimtuma Papa Saidi, mfanyabiashara Mwislamu wa Beni, ambaye pikapu yake ilikuwa bado inathubutu kupanda hadi kwetu kufuata mafuta ya mawese. Alimwambia hivi tu: “Umubebe Masika ya kaka yangu, masista banamungojea.”

Kwetu Wanande, jina la mtoto hufuata zamu yake ya kuzaliwa, na binti wa kwanza ni Masika. Ukiita jina hilo sokoni, nusu ya wanawake watageuka, na nusu nyingine watadhani unawaita mabinti zao. Papa Saidi aliuliza sokoni ni wapi anakaa Masika aliyekuwa akisoma sekondari, mwenye shangazi Butembo. Akina mama wakamwonyesha, bila shaka yoyote, nyumba ya mjane mmoja kule chini karibu na mto. Binti wa mjane huyo naye alikuwa Masika, naye alifukuzwa na askari wale wale, naye alikuwa na shangazi Butembo. Nani kwetu hana shangazi Butembo? Msichana huyo akapanda gari siku hiyo hiyo, akapelekwa moja kwa moja kwa masista. Siku zile msafiri hakuaga, kwa hofu ya barabara, hivyo sisi tuliokaa juu mlimani hatukusikia lolote. Dada yangu aliendelea kufua sare yake kila Jumapili, shati jeupe na sketi ya bluu, ili gari lisije likamkuta hajajiandaa.

Papa Saidi aliporudi na kufika kwa baba kwa mara ya kwanza kununua mafuta, nilikuwa nikichambua maharage uani. Baba alimuuliza kama kuna habari yoyote kutoka kwa shangazi.

“Habari gani tena, mutoto nilishapeleka!” akasema kwa furaha. “Masika, ile ya kule ku muto. Mama yake alinishukuru na machozi.”

“Masika gani?” baba akauliza.

Niliuona uso wa Papa Saidi ukibadilika. Alivua kofia yake, akaivaa tena. “Ya Allah! Papa Masika, unisamehe. Nirudi nimutoe kule, nilete ya kwako?”

“Hapana,” baba akasema. “Ule hana baba. Umuache asome.”

Dada yangu alikuwa ametoka jikoni, mikono bado ina unga wa muhogo. “Papa, na mie?” aliuliza. Hakupandisha sauti. Baba akaenda kupima mafuta. Nilimchukia baba siku ile kwa wema wake, na sikuthubutu kusema, kwa sababu hata mimi, mtoto, sikuona angempa Papa Saidi jibu gani lingine. Muda si mrefu mapigano yakafunga barabara. Ilipofunguka, Masika alikuwa mke wa mtu Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi, akikausha samaki, na sare yake nilikuwa naivaa mimi.

Leo mimi ni mwalimu mjini Beni, katika shule moja ya mtaa wa Beu. Wasichana darasani kwangu ni wengi kuliko tulivyowahi kuota, na kila mmoja ana jina la ukoo na la ubatizo, hakuna wa kumchanganya na mwenzake. Lakini mwaka huu barabara ya kwetu imefungwa tena, na wiki iliyopita Masika alinipigia simu. Binti yake ameachishwa shule, na kuna mtu ameshaleta mbuzi.

“Ni wewe mwalimu,” akaniambia. “Fanya kitu.”

Nilimjibu ndiyo, nitafanya. Kisha nikabaki nimeishika simu darasani, wanafunzi wakinitazama, nikitafuta nimpigie nani.