Maganda ya Bunduki ya Inga

Verla Tvedt alikuwa dereva wa greda katika kaunti yetu, na mimi niliendesha lori la kokoto nyuma yake. Asubuhi moja ya kiangazi alizima greda katikati ya barabara, akashuka na kuegemea tairi, simu mkononi. Nikadhani kuna msiba.

"Vipi, unaumwa?"

"Nimepata kondoo," akasema.

Hapa Montana huhitaji kuambiwa mara mbili. Kibali cha kuwinda kondoo mwitu dume, wale wa pembe za kujikunja, hutolewa kwa bahati nasibu, na wengi huomba kila mwaka mpaka wanazikwa bila kukipata. Verla alicheka, akajipangusa macho kwa glavu iliyojaa grisi, akabaki na mistari myeusi usoni mpaka jioni.

Aliamua papo hapo kwamba atawinda kwa bunduki ya marehemu mama yake, Inga. Kwa bunduki hiyo Inga alilisha watoto wanne baada ya mume kumwacha, na Verla ndiye aliyemuuguza mpaka mwisho. Ilikuwa bunduki nyepesi ya aina iitwayo Roberts, na tatizo lilikuwa risasi zake. Viwanda vilizitengeneza kwa nadra sana. Inga alikuwa akijaza mwenyewe: ukishapiga, unaokota ganda la shaba, unalitia kiwashio kipya, baruti na kichwa kipya. Lakini ganda nalo huchoka. Verla alipoyakagua yale ya mama yake, karibu yote yalikuwa yamepasuka shingoni.

Akaanza kutafuta. Kila Jumamosi alikwenda mji tofauti, kwenye maduka ya bunduki na minada ya vitu vya marehemu. Muuza duka mmoja alimwambia, "Roberts? Mama, mara ya mwisho kuyaona hayo maganda nilikuwa na nywele."

Shemeji yake, Duane, alimwonea huruma kwa namna yake. "Chukua yangu basi. Risasi zake zinauzwa hata kituo cha mafuta."

"Asante, shemeji. Yako ni bunduki tu. Hii ni ya mama."

"Kondoo atajua tofauti?"

"Mimi nitajua."

Majani yalipoanza kugeuka njano bado alikuwa mikono mitupu. Alilijua jambo moja alilofundishwa na Inga: ganda la Roberts ni mtoto wa ganda la Mauser, bunduki ya Kijerumani, ya milimita saba. Mwili ni uleule, ila shingo ya Mauser ni pana zaidi. Ukiwa na kibano chake cha chuma na mkono wenye subira, unaibana shingo hiyo mpaka ikae sawa. Na katika kaunti nzima mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na Mauser ya namna hiyo: mzee Orville Skaar.

Hapo ndipo Verla alipokwama. Yeye na Orville hawakuwa wakisemezana. Majira ya baridi yaliyopita, Verla akisukuma theluji barabarani kwa greda, alimwachia mzee ukuta wake langoni. Orville akatoka na koleo na maneno yasiyofaa kanisani. Verla akamjibu kwa maneno ya aina hiyohiyo. Tangu hapo, wakikutana kwenye kahawa ya baada ya ibada, mmoja huhama meza.

Alikwenda hata hivyo, akanichukua niwe shahidi. Orville alifungua mlango, akamtazama kuanzia viatu mpaka kofia.

"Umekuja kumalizia kunifukia?"

"Nimekuja kuomba maganda ya Mauser, mzee. Na nimekuja kusema ile theluji lilikuwa kosa langu. Nilikuwa na haraka."

"Maganda ya nini?"

Verla akamweleza habari ya kibali. Orville akashika fremu ya mlango.

"Mimi nimeomba kibali hicho tangu nina meno yangu yote," akasema. Akaingia ndani, akarudi amekumbatia kopo la kahawa lililojaa maganda yanayong'aa. Verla akauliza bei.

"Weka hela zako. Nataka kuja."

"Goti lako bovu, mzee."

"Goti bovu, macho mazima. Wewe utapanda, mimi nitatazama."

Verla aliyabana maganda yale kwenye meza ya mama yake. La kwanza alilipaka mafuta kidogo mno, likanasa ndani ya kibano. Ilimchukua jioni nzima kulitoa. Yaliyofuata yalitoka safi. Kwa kuwa vitako vyake bado vilikuwa vimeandikwa Mauser, alivipaka rangi nyekundu ya kucha, mtu asije akayachanganya. Alipoyajaza na kuyajaribu kwenye shabaha, matundu yaligusana. Orville alikitazama kikaratasi kile, akasema, "Kwa mwanamke asiyeona lango langu, unalenga vizuri."

Mwezi wa kumi tuliingia kwenye magenge ya mto Missouri. Tulimkalisha Orville juu ya ukingo na kiti chake cha kukunja na darubini. Kabla jua halijapanda sana alimwona dume amelala chini ya mwamba upande wa pili. Verla akashuka korongo, akapanda tena kwa tumbo. Kutoka kule hakuweza kumwona mnyama, kwa hiyo Orville alimwongoza kwa kofia: kulia, kulia tena, simama. Nikamwona Verla akichungulia juu ya jiwe, bunduki begani.

Mlio ulikuwa mmoja. Dume alisimama, akapiga hatua, akaanguka palepale.

Orville alikiacha kiti, akaanza kushuka korongo lile kwa makalio, fimbo ikimtangulia, nami nyuma yake nikimshika kola ya koti. Tulipofika, Verla alikuwa amepiga magoti kando ya mnyama, analia na kucheka. Akasogea kumpisha mzee. Orville akavua glavu, akashika pembe kwa mikono yote miwili, akaifuata kwa vidole tangu shina mpaka ncha.

"Tumempata, binti," akasema.

"Tumempata, mzee."

Nyama tuliibeba mgongoni mpaka giza, na Orville alikataa kutembea bila mzigo. Tulimpa abebe moyo na maini ya yule dume. Njia nzima alituhimiza tuongeze mwendo.