Umemkata Tusekile

Jirani yangu hapa Iringa akishikwa na mafua hagusi vidonge. Anatia majani ya mkaratusi kwenye sufuria, anayachemsha mpaka mfuniko unacheza, kisha anajifunika blanketi na kujifukiza. Ile harufu inaruka ukuta na kuingia sebuleni kwangu bila hodi. Na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, najikuta najipapasa kifuani kuhakikisha kama bado nipo. Msinicheke. Ngojeni niwaambie kwa nini.

Nilikulia juu ya Uyole, kule Mbeya, miaka ile ya sabini watu walipohamia vijiji vya ujamaa. Nyumba zetu zilipangwa mstari kwenye kilima kisicho na hata kichaka cha kujificha mbuzi. Baba alikuwa akifanya kazi kwenye bustani ya miche ya serikali, na kile kilima kitupu kilimnyima usingizi. Akapanda mikaratusi miwili mbele ya nyumba, mmoja wa dada yangu Subilaga, mmoja wangu mimi, Tusekile, na miti ikaitwa kwa majina yetu. Ilikuwa kawaida kumsikia akimwambia Mama, "Subi ameingiwa na mchwa," au, "Tusekile ameinama, mtafutieni kitu cha kuegemea." Aliniambia, "Mti huu ni wewe. Ukiutunza, umejitunza." Sikuwa nimeanza shule bado. Mtoto wa umri ule ukimwambia kitu ni yeye, basi ni yeye.

Bibi, mama yake Baba, alimzidi mwanawe. Alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe, amelelewa akijua kwamba chemchemi ina mwenyewe, na ole wako uchote maji na sufuria yenye masizi. Subi naye alipoingizwa kwenye kikundi cha kupanda miti shuleni, alirudi nyumbani askari kamili. Tulikuwa tunaoga asubuhi tumesimama kwenye tuta la miche, katika ule ubaridi wa Mbeya unaokata masikio, ili maji yasipotee. Mkaa ulipigwa marufuku. Kuni zilikuwa vijiti vilivyoanguka vyenyewe, na kijiti kikionekana na jani moja la kijani, Subi anakirudisha kilikotoka. Faida yake ilikuwa moja tu: nyumbani kwetu hapakuwa na fimbo, maana nani angethubutu kuikata? Mama alitumia kandambili.

Basi katikati ya watu hao ndipo alipoishi Mama. Mama hakuichukia miti, ila hakuwa na muda nayo. Yeye ndiye aliyepuliza moto wa vijiti mpaka macho yakawa mekundu, na yeye ndiye aliyesubiri maharage yaive kwa moto wa kubembeleza. Baba akirudi kazini alipita kwanza kuisalimia miti, akiishika shina moja moja, ndipo anaingia ndani kutusalimia sisi. Mama alikuwa akimwambia jirani yake, "Mwenzangu, mimi nina wake wenza, na wote wana majani." Baba akitoka tu, alituita jikoni akatuogesha kwa maji ya moto kwenye karai, huku akisema, "Leo miche itajijua yenyewe." Nakumbuka utamu wa yale maji mpaka kesho.

Mwaka mmoja, masika yakiwa yamekolea, Baba alitumwa Mufindi kwenye semina ya miti. Nyuma yake nikapata kichomi. Mama alinibeba mgongoni kwenye matope hadi zahanati, nikachomwa sindano, na mganga akamwambia neno moja: mtoto asipigwe na baridi. Ni rahisi kusema. Mvua ilikuwa inanyesha mchana na usiku, ukungu umeingia mpaka chini ya kitanda, na kila kijiti pale kilimani kimelowa chepechepe. Mafuta ya taa hayakuwepo dukani. Mama aliunguza kwanza magunzi yote, halafu kigoda cha Baba, halafu mlango wa banda la kuku. Kuku wakahamia ndani na sisi. Mimi natetemeka tu, kila nikivuta pumzi kifua kinachoma.

Ya hapo katikati siyakumbuki vizuri. Ninachokumbuka ni kwamba nilizinduka mchana mmoja nimefunikwa blanketi, jasho linanitiririka, mvuke wa mkaratusi umenijaa puani, na nje ya blanketi Bibi analia.

"Ee Kyala, Mungu wangu! Mama Subi, umemkata Tusekile!"

"Nimemkata," Mama akajibu.

"Mwanangu akirudi utamwambia nini?"

"Nitamwambia nimemkata, nimempasua, nimemtia motoni, na kwa mafuta yake anawaka hata mbichi. Majani yake ndiyo hayo yanachemka. Na usogee, Mama, unaziba joto."

Jamani! Hebu fikirieni mko chini ya blanketi, gizani, na mnasikia habari hizo zenu wenyewe. Nilihesabu vidole, vyote vilikuwepo. Nikajifinya paja, likauma. Nikawaza, labda mtu akikatwa hajui mara moja, kama kuku anavyokimbia hata baada ya kuchinjwa.

Nilipopata nafuu nilikwenda mlangoni nikachungulia. Mti wa Subi ulikuwa umesimama, unameremeta kwa mvua. Pangu palikuwa na kisiki cheupe. Subi akaja kusimama karibu yangu, akanitazama kwa huruma ya kweli, akasema, "Mti wako umekwenda, mdogo wangu. Sijui na wewe itakuwaje." Hakuwa ananitania. Na yeye aliamini.

Tangu hapo nikawa nangoja. Nilikula uji nikijua ni wa kuagana. Bibi hakusema na Mama, alipitisha salamu kwa kuku: "Kuku, mwambie mkamwana wangu chumvi imezidi." Mama alijibu kwa kuku huyohuyo. Mimi nilijua kwamba mwenye miti ndiye anayejua yote, na Baba akirudi atatamka kama naishi au siishi.

Akarudi jioni moja, amepanda nyuma ya lori na boksi la miche mapajani. Kama kawaida yake, akaenda kwanza kwenye miti, boksi kwapani. Akamshika Subi. Akanyoosha mkono wa pili, ukashika hewa. Akainama, akakigusa kile kisiki kwa kiganja. Mama alikuwa amesimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi, kidevu juu.

"Tusekile yuko wapi?" Baba akauliza.

"Yupi? Wa majani au niliyemzaa?"

"Mama Subi, mtoto yuko wapi?"

Nikatoka nyuma ya gauni la Mama. "Mimi hapa, Baba. Naishi?"

Aliliacha lile boksi likaanguka upande, miche ikamwagika kwenye matope, na wala hakuitazama. Alinibeba, akaweka sikio kifuani kwangu, akasikiliza muda mrefu, ndevu zikinitekenya. Kisha akaanza kucheka na machozi yakimtoka, akasema, "Unaishi, mwanangu. Kumbe wewe ndiye huyu." Akamgeukia Mama: "Hata Subi ungemkata." Hapo ndipo Subi alipopiga yowe. Mimi niliangua kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo, nikala ugali wa watu wawili, nikalala.

Kisiki kikachipua kabla ya kiangazi. Bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyaona machipukizi, akaja jikoni na kusema na Mama moja kwa moja, bila kupitia kuku. Na Baba, nawaambieni ukweli, tangu siku hiyo alianza kuingia ndani kwanza.

Lakini kulibaki kitu kilichonikera miaka mingi, na sikukisema. Kwa nini wangu? Wa Subi ulikuwa mnene kuliko wangu, na karibu zaidi na jiko. Nilijua Mama ananipenda, ila moyo wa mtoto una kona zake. Juzijuzi tu, Mama akiwa kikongwe hapa kwangu Iringa, tukanusa ile sufuria ya jirani, nikajikaza nikamuuliza.

Alinishangaa. "Ningekataje wa Subi? Subi alikuwa shule, sikumwomba. Wewe nilikuomba."

"Uliniomba mimi?"

"Niliinama nikakuuliza sikioni. Baba yenu alisema miti ni yenu, si ndiyo? Ukasema, 'Kata, Mama, nasikia baridi.' Ndipo nikachukua shoka."

Wahenga wetu walisema mgonjwa haulizwi uji. Mama yangu, ambaye nyumba nzima ilijua hajali miti, aliniuliza.