Mfalme Aliyepewa Walinzi

Juzi, kwenye televisheni ya duka moja pale Mbugani, walionyesha kasri la wafalme wa Sikkim, kule milima ya Himalaya. Nikanusa tena mpunga mbichi wa Ipinda, kijijini kwetu nilikokulia.

Nilikuwa mtoto. Serikali ilikuwa imewaruhusu watu binafsi kununua mpunga, na alasiri moja mnunuzi mgeni alikuja kwa babu akinukia sabuni nzuri. "Shamba linabaki lako, tata. Mimi nakuwekea walinzi tu, mpunga uniuzie mimi."

Mama alisikiliza nyuma ya nyumba, maana kwetu mke haonani na baba mkwe wala hasemi naye. Akaninong'oneza, "Kamuulize babu, yule mfalme wa Sikkim anayemsimulia aliishia wapi."

Nikauliza. Babu, aliyepata habari za huko alipokuwa askari wa Waingereza vita vya Burma, aliguna.

"Yule mwalafyale, mfalme wa huko? Waingereza walimwachia kiti, wakasema wanamlinda tu. Wakamweka afisa wao jirani. Ikawa hapokei mgeni mpaka afisa akubali."

"Mzee, mimi si Mwingereza," mgeni akacheka.

"Wale angalau walikuja na bendera, tukawajua. Ndaga, asante, baba. Maliza chai uende."

Nilimkasirikia babu. Kwangu, mfalme mwenye walinzi wa bure alikuwa na bahati.

Jirani yetu aliwakubali walinzi wa mgeni yule. Kabla ya mavuno nilimwona amesimamishwa na mlinzi kwenye njia ya shamba lake mwenyewe, akiulizwa anakwenda wapi. Wakati ule nikadhani mlinzi anafanya kazi yake vizuri.