Uzio wa Ukutani

Mjukuu wangu hakuwa mjinga, na aliyesema ni mjinga namwambia mbele za watu kwamba mjinga ni yeye. Ila maneno yalikuwa hayamkai. Ukimtuma chumvi na kibiriti anarudi mikono mitupu, anasimama mlangoni anakutazama. Ukimkaripia anasema, "Ndiyo, bibi." Kwa kila jambo alikuwa na hiyo ndiyo yake. Shuleni mwalimu aliniita akaniambia mtoto mzito, wenzake wakiimba jedwali la kuzidisha yeye anachezesha midomo tu. Nikamuuliza, "Umewahi kumwonyesha kitu, au kazi yenu kuimba?" Akasema watoto ni wengi, bibi, chaki zenyewe tunagombania. Nilitoka pale nimenuna.

Mimi nilishamjua kwa sababu ya ukili wa mikeka. Mama yake, binti yangu, alifariki akimzaa mdogo wake, kwa hiyo wote wawili nilikuwa nao mimi, na jioni nilikuwa nasuka mkeka wao wakiwa pembeni. Kusuka sikumfundisha. Aliangalia vidole vyangu, kesho yake nikamkuta na kipande chake, rangi kazipanga kama zangu. Tangu hapo nikaacha kupiga kelele. Nikimtuma dukani nachora mchangani kwa kijiti. Anaangalia, anakwenda, anarudi na vyote.

Kilichokuwa kinaninyima usingizi ni mto. Maji tunateka mtoni, na mtoni kuna mamba. Hapa kwetu kila mtu ana ndugu au jirani wa kumtaja. Ndiyo maana pa kutekea panazungushiwa uzio wa miti iliyochimbiwa majini. Unachota ndani ya uzio, basi. Mtoto mwingine unamwambia mara mbili anashika. Huyu nilimwambia mpaka nikachoka mwenyewe, na bado nikamkuta nje ya uzio, maji ya magotini, anaosha sufuria. Nilimchapa huku nalia.

Siku hiyohiyo nikachora. Nilikuwa nimetoka kukandika nyumba, ukuta wa barazani bado safi. Nikachukua mkaa nikachora njia yetu, nikachora mkuyu ulioko ukingoni, na chini ya mkuyu uzio, mti kwa mti. Ndani ya uzio mtoto na ndoo yake. Nje mamba, kinywa nimekipaka udongo mwekundu. Majirani walipita wakacheka, eti bibi kawa fundi wa picha uzeeni. Mjukuu wangu hakucheka. Aliifuata njia kwa kidole mpaka kwenye uzio, akagota hapo. Kuanzia siku hiyo hakukosea tena. Kila akibeba ndoo hupita kwanza ukutani, huangalia, ndipo hushuka. Nikalala usingizi wangu.

Masika yaliyofuata mto ulifurika. Mpunga ulikwenda, na maji yalipopungua kingo zilikuwa zimelika, uzio umezolewa wote. Mimi sikuwapo. Nilikuwa Kibiti kwenye msiba wa dada yangu, barabara ikakatika, nikakwama huko. Mwanangu wa kiume, mjomba wake mtoto, akanipigia simu. Wameshajenga uzio mwingine, akasema, huku chini kwenye migomba, maana pale kwenye mkuyu sasa pana kina na mamba wanaota jua palepale.

Nikamuuliza, "Mtoto umemwonyesha?"

"Tumemwambia, mama. Watoto wote wameambiwa, hata msikitini imetangazwa."

"Usimwambie. Mshike mkono umpeleke. Halafu ufute ule uzio wa ukutani, uchore huo mpya."

Akacheka. "Mama na michoro yako. Mbona kaitikia ndiyo?"

Nikamwambia huyo kila kitu anaitikia ndiyo. Akasema haya, mvua ikitulia atachora.

Barabara ilipofunguka nilikuta watu wamekaa kwenye mikeka barazani kwangu, nikajua kabla sijauliza. Ndoo waliipata. Cha kuzika hakikupatikana. Jirani aliyemwona mwisho alisema alimwona amesimama na ndoo mbele ya ukuta, anaangalia, kisha akashuka kwa njia ya mkuyu, hana wasiwasi wowote. Nadhani uzio hakuukuta, akasimama palepale ulipokuwa.

"Tulimwambia, mama," mwanangu akawa anasema. Na kila aliyekuja kunipa pole alisema hivyohivyo, masikini mtoto, na aliambiwa. Niliwaacha waseme mpaka siku ya hitima. Ndipo nikawauliza, "Mlimwambia. Nani alimwonyesha?" Mwanangu tunakula sahani moja mpaka leo, lakini sijamsamehe, na yeye anajua.

Ule mchoro niliuacha. Picha ya mjukuu wangu sina, sikuwahi kumpiga hata moja, alikuwapo pale tu, na ndoo yake, ndani ya uzio. Nilikuwa nakaa mbele yake jioni nikisuka. Halafu asubuhi moja natoka ndani namkuta mdogo wake amesimama ukutani, kidole kiko kwenye njia, anashuka nayo taratibu kuelekea mkuyu.

Nikaenda kukanda udongo. Nilianza kufunika mkuyu, nikafuatia uzio, nikamfunika mamba. Mtoto na ndoo yake nilimwacha mwisho.