Jina la Kabla ya Jando

Walimu wenzangu, leo nimekwamishwa na jina langu mwenyewe!

Mnajua nimepata nafasi ya kusoma Uingereza miaka miwili. Ili nipewe pasi, wanataka ushahidi wa kuzaliwa. Nilionao ni daftari la shule ya misheni tu, na humo nimeandikwa jina langu la kabla ya jando.

Lile lisilotamkwa tena. Ukimwita mtu mzima jina hilo, umemtukana.

Basi nikamleta mjomba kutoka Chilangala hadi boma la Newala, aape kwamba mtoto yule ni mimi.

Karani, mgeni wa huku, akamuuliza, "Mzee, huyu alikuwa akiitwa nani?"

Mjomba akaangalia mlangoni.

"Sema, mzee."

"Mwanangu, hilo silisemi."

Karani akafunika kalamu.

Nikalisema mwenyewe. Kwa sauti!

Mjomba akavaa kofia yake, akatoka.

Karani akaniambia, "Vizuri, mwalimu. Sasa shahidi wako yuko wapi?"

Nyie mngefanyaje?

Tumerudi kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma. Tulipofika nikamwamkia, "Shikamoo, mjomba."

Hajaitikia mpaka sasa.